Daftari la Maziwa Ndani ya Kompyuta

Ndugu mkulima, huenda unalo daftari la maziwa. Wakulima wengi wa Gataka, Kiserian na Kitengela wanalo. Limetundikwa kwa kamba kwenye nguzo ya zizi, kurasa zake za kwanza zimelowa maziwa, na kalamu yake hupotea kila juma. Daftari hilo ni kitu chema, wala hatuandiki somo hili ili ulitupe. Lakini jiulize jambo moja: ukilazimika leo kumwuza ng'ombe mmoja kati ya wanne ulio nao, je, daftari lako litakuambia ni yupi?

Swali hili si la mchezo. Ukame wa mwaka 2020 hadi 2023 uliua mifugo mingi sana katika Kajiado, kama vile ukame wa 2008 na 2009 ulivyofanya kabla yake. Nyasi zikiisha na bei ya robota ikipanda, mwenye shamba dogo hana la kufanya ila kupunguza mifugo. Akimwuza ng'ombe asiyefaa, amejiokoa. Akimwuza yule aliyekuwa akiwalisha wengine, amejiletea hasara ya miaka. Na mara nyingi huamua kwa kukumbuka tu. Atasema, "Malkia alipozaa alitoa lita 18 kwa siku, huyo simwuzi." Ni kweli alitoa lita 18, lakini kwa muda gani?

Basi mwezi huu tutajifunza namna ya kuyatia maandishi ya zizini katika hifadhidata, yaani ghala la habari ndani ya kompyuta ambalo hujibu maswali. Huhitaji mashine kubwa. Kompyuta ya mezani ya kawaida, au ile ndogo ya kubebwa ambayo mtoto wako anaitumia kwa masomo, inatosha. Programu tutakayoitumia ni Base, ambayo ni sehemu ya LibreOffice, nayo hutolewa bure bila malipo. Ikiwa unayo Microsoft Access, ambayo hununuliwa, mambo ni yale yale, ila vitufe viko mahali pengine.

KWA NINI DAFTARI MOJA HALITOSHI

Mtu anapoanza, jambo la kwanza afanyalo ni kuchora jedwali moja kubwa na kutia kila kitu humo: tarehe, jina la ng'ombe, aina yake, siku aliyozaliwa, lita za asubuhi, lita za jioni, dawa aliyopewa. Kwa juma la kwanza anafurahi. Kisha taabu huanza.

Ng'ombe akikamwa siku 300 kwa mwaka, mara mbili kwa siku, hiyo ni mistari 600. Katika kila mmoja wa mistari 600 utaandika tena kwamba Nyota ni Friesian na kwamba alizaliwa tarehe fulani. Siku moja utaandika "Nyotta", siku nyingine "nyota" kwa herufi ndogo. Wewe unajua ni ng'ombe yule yule. Kompyuta haijui; itakuhesabia ng'ombe watatu na kugawanya maziwa yake mafungu matatu. Tena, ukigundua kwamba tarehe ya kuzaliwa uliikosea, itakubidi kuisahihisha mara 600, na ukisahau mara moja tu, ghala lako lina habari mbili zinazopingana. Tena, ng'ombe mtamba ambaye hajaanza kukamwa utamwandika wapi, naye hana mstari wa maziwa?

Dawa yake ni kanuni moja iliyo nyepesi kuitamka: kila jambo liandikwe mahali pamoja tu. Habari za ng'ombe mwenyewe ziwe jedwali moja. Habari za kila ukamaji ziwe jedwali la pili. Habari za matibabu ziwe la tatu. Kisha majedwali hayo yaunganishwe kwa namba.

Aliyeiweka njia hii juu ya msingi imara ni Mwingereza mmoja, Edgar Codd, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko California. Makala yake ilitoka mwaka 1970. Kabla ya hapo habari ndani ya kompyuta zilipangwa kwa matawi kama mti, na aliyezitaka ilimpasa kujua tawi la kupitia. Codd alisema habari zikae katika majedwali ya kawaida, na mwenye kuuliza aseme anataka nini, si apite wapi. Miaka michache baadaye, katika kampuni hiyo hiyo, ikatungwa lugha ya kuulizia ambayo sasa huitwa SQL. Hutaiandika leo, lakini ujue kwamba iko nyuma ya kila kitufe utakachobonyeza.

NAMBA NDIYO UFUNGUO

Mkulima wa shamba la kugawiwa haoni ajabu kuambiwa habari za namba. Tangu mpango wa ekari milioni moja ulipoanza mwaka 1962, kila kiwanja katika skimu kimekuwa na namba yake. Na ukiitazama hati ya ardhi ya Kitengela, utaona imeandikwa Kajiado/Kitengela/ kisha namba. Kwa nini wasiandike jina la mwenye shamba tu? Kwa sababu watu wawili waweza kuwa na jina moja, na kwa sababu shamba likiuzwa jina hubadilika. Namba haibadiliki kwa kuuza. Na shamba likigawanywa, namba ya zamani hufungwa na vipande vipya hupewa namba mpya. Haitumiki tena kwa kipande kingine.

Hayo matatu ndiyo masharti ya ufunguo mkuu wa jedwali: kila mstari uwe na wake, usifanane na mwingine, na usibadilike. Mzee wa Kimaasai anawajua ng'ombe wake kwa rangi, kwa alama ya sikio na kwa ukoo wa mama zao, wala hahitaji namba. Lakini hata yeye hawezi kukuambia lita za Jumanne ya mwezi wa Februari. Wewe mpe kila ng'ombe namba, na ikiwa amevaa heleni ya sikio yenye namba, itumie iyo hiyo. Akifa au akiuzwa, namba yake isipewe mwingine.

TUANZE KAZI

Ifungue Base. Itakuuliza kama wataka kuunda hifadhidata mpya. Kubali, uendelee, kisha uipe jina na uihifadhi. Ikilalamika kwamba haina Java, ni kwamba aina moja ya ghala lake huitegemea programu hiyo. Iweke, nayo pia hupatikana bila malipo. Dirisha likifunguka utaona upande wa kushoto vyumba vinne. Cha kwanza ni cha majedwali, cha pili cha maulizo, cha tatu cha fomu, cha nne cha ripoti. Leo tutashughulika na viwili vya kwanza.

Ingia chumba cha majedwali na uchague kuunda jedwali kwa kulichora mwenyewe. Utaandika jina la kila safu, na mbele yake aina ya habari itakayokaa humo: namba, maandishi, tarehe, au namba yenye desimali. Usipuuze aina hizi. Ukiiandika tarehe kama maandishi, kompyuta haitajua kwamba mwezi wa 2 huja kabla ya mwezi wa 10.

Jedwali la kwanza liite NGOMBE. Safu zake ni Namba, Jina, Aina, TareheYaKuzaliwa, NambaYaMama na TareheYaKuondoka. Utaona tumeiacha ile alama ya juu ya neno ng'ombe. Si kosa la uchapaji. Katika lugha ya SQL alama hiyo hufungua na kufunga maandishi, na ukiitia katika jina la jedwali utajitafutia matata siku ya kuandika maulizo kwa mkono. Lugha yetu imeonewa kidogo hapo, lakini ndivyo ilivyo. Ndani ya jedwali, katika habari unazozijaza, andika ng'ombe kama kawaida.

Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya mbele ya safu ya Namba, uifanye ufunguo mkuu. Picha ya ufunguo mdogo itatokea. Safu ya NambaYaMama itakuwa na namba ya ng'ombe mwingine wa jedwali hilo hilo, hivyo ukoo wa zizi lako utahifadhika. Mama yake akiwa hakuwa wako, iache tupu. TareheYaKuondoka hubaki tupu mpaka ng'ombe auzwe au afe. Usimfute ng'ombe aliyeondoka, maana maziwa aliyoyatoa yalitoka kweli, na pesa zake ulizila.

Jedwali la pili ni MAZIWA: NambaYaRekodi, NambaYaNgombe, Tarehe, Wakati, Lita. Ufunguo mkuu ni NambaYaRekodi. Iamuru ijiongeze yenyewe ili usiwe na kazi ya kuhesabu. La tatu ni MATIBABU: NambaYaRekodi, NambaYaNgombe, Tarehe, Dawa, MaziwaSafiKuanzia. Hiyo safu ya mwisho tutairudia.

Sasa unganisha. Katika menyu ya zana kuna mahali pa mahusiano. Yalete majedwali yote matatu hapo, kisha ushike Namba katika NGOMBE na uivute mpaka juu ya NambaYaNgombe katika MAZIWA. Mstari utachorwa kati yao. Fanya vivyo hivyo kwa MATIBABU. NambaYaNgombe katika majedwali haya mawili huitwa ufunguo wa kigeni, kwa kuwa ni mgeni aliyetoka katika jedwali jingine. Ng'ombe mmoja ana mistari mingi ya maziwa, lakini mstari mmoja wa maziwa una ng'ombe mmoja tu. Iwapo hujui uhusiano wa majedwali yako uko namna gani, sema sentensi kama hiyo kwa sauti, na utajua.

Mara tu ukimaliza, ijaribu. Watie ng'ombe wanne katika NGOMBE, namba 1 hadi 4. Kisha nenda MAZIWA ujaribu kuandika lita za ng'ombe namba 9. Mashine itakataa. Watu wengi hukasirika mara ya kwanza, wakidhani wameharibu. Sivyo. Imekataa kwa sababu hakuna ng'ombe namba 9 katika zizi lako, na tangu leo hakuna kijana wa zizini atakayeweza kuandika maziwa ya ng'ombe wa ndotoni.

KUULIZA, NA PALE WENGI WANAPOKOSEA

Tuseme umeandika kwa mwaka mzima. Ingia chumba cha maulizo, uchague kuchora ulizo mwenyewe, ulete NGOMBE na MAZIWA. Mstari wa kuyaunganisha utaonekana. Chagua Namba, Jina na Lita. Kwenye safu mlalo ya kazi, Namba na Jina uyape kazi ya kukusanya fungu, na Lita uipe kazi ya kujumlisha. Endesha. Tuseme jibu limekuja hivi:

1 Malkia – lita 2,100
2 Nyota – lita 2,700
3 Zawadi – lita 2,250
4 Tumaini – lita 1,950

Malkia aliyetoa lita 18 alikauka baada ya siku 210, na wastani wake ulikuwa lita 10. Nyota hakuwahi kusifiwa na mtu, lakini alitoa lita 9 kwa siku 300. Unaona tofauti: lita 600. Ni hesabu ya mfano, lakini katika zizi halisi mambo huwa hivi mara nyingi, kwa kuwa jicho hukumbuka siku kubwa na kusahau miezi midogo.

Sasa sikiliza vizuri, kwa maana hapa ndipo penye hatari. Kompyuta hujibu swali uliloliuliza, si ulilodhani umeuliza, tena hujibu kwa namba safi zinazoonekana za kuaminika.

Kosa la kwanza ni kuyaleta majedwali mawili bila mstari wa kuyaunganisha. Hapo mashine humchukua kila ng'ombe na kumfunganisha na kila mstari wa maziwa. Ukiwa na ng'ombe 4 na mistari 100, itakuletea mistari 400. Ukijumlisha, kila ng'ombe ataonekana ametoa lita 9,000, yaani maziwa yote ya zizi. Kosa hili si baya sana, kwa sababu hata mtoto ataona kwamba haiwezekani.

Kosa la pili ndilo baya, maana halionekani. Mkulima anajiambia: nataka kuona maziwa na matibabu pamoja, nijue nani mzima na nani mgonjwa. Analeta majedwali yote matatu katika ulizo moja, mistari yote ya kuunganisha ipo, anajumlisha lita. Tuseme Malkia alitibiwa mara 3, Zawadi mara 2, Nyota mara 1, na Tumaini hakuugua hata siku moja. Jibu litakuwa: Malkia lita 6,300, Zawadi lita 4,500, Nyota lita 2,700. Tumaini hayumo kabisa.

Kumetokea nini? Kila mstari wa maziwa wa Malkia umefunganishwa na kila mstari wa matibabu yake, na kwa kuwa matibabu ni matatu, kila lita imehesabiwa mara tatu. Tumaini, kwa kuwa hana mstari wa kufunganishwa nao, ameachwa nje. Mkulima wa namna hii akiwa katika ukame, atambakiza ng'ombe mgonjwa kuliko wote na kumpeleka sokoni Tumaini aliye mzima, na akiulizwa atasema kompyuta ndiyo iliyomwambia.

Kwa hiyo usijumlishe maziwa katika ulizo lenye matibabu ndani yake. Fanya maulizo mawili mbalimbali: moja la kujumlisha lita kwa NGOMBE na MAZIWA, jingine la kuhesabu mara za kutibiwa kwa NGOMBE na MATIBABU. Yatazame ubavu kwa ubavu. Katika lile la matibabu, bonyeza mara mbili juu ya mstari wa kuunganisha na uchague ng'ombe wote waonyeshwe hata wasio na matibabu, kisha uhesabu NambaYaRekodi ya MATIBABU, si Namba ya ng'ombe. Tumaini atatokea na sifuri yake, nayo sifuri hiyo ni sifa. Na kila mara uwe na kipimo: jumlisha Lita katika MAZIWA peke yake, bila jedwali jingine. Ikiwa ni 9,000, basi jumla ya ng'ombe wote katika ulizo lako lazima iwe 9,000. Ikizidi au ikipungua, usimwuze ng'ombe yeyote siku hiyo.

MAZIWA YA NG'OMBE ALIYEDUNGWA SINDANO

Tulisema tutairudia safu ya MaziwaSafiKuanzia. Unapomtibu ng'ombe ugonjwa wa kiwele kwa dawa ya kuua vijidudu, dawa hubaki katika maziwa kwa muda. Chupa au pakiti huandikwa siku za kungoja, na daktari wa mifugo atakueleza. Hesabu tangu dozi ya mwisho, na uandike tarehe ambayo maziwa yatafaa kuuzwa tena. Maziwa yenye dawa huweza kumdhuru mtu asiyepatana na dawa hiyo, huwazoesha vijidudu kuishinda dawa, na huzuia maziwa lala na mtindi kuganda. Na kopo lako moja likimiminwa katika tangi la ushirika, linaweza kuharibu jasho la majirani wote.

Unda ulizo lenye NGOMBE na MATIBABU, uchague Jina, Dawa na MaziwaSafiKuanzia, na kwenye safu hiyo ya mwisho uweke sharti: iwe kubwa kuliko tarehe ya leo. Liite WASIUZWE. Kila asubuhi kabla ya kukama, liendeshe. Jina litakalotokea, maziwa yake yakamwe mbali na yasichanganywe. Likija tupu, endelea na kazi. Anayekama akiwa si wewe, mwandikie jina hilo kwa chaki mlangoni mwa zizi.

MAMBO MACHACHE YA KUANGALIA

Umeme wetu mnaujua. Base haihifadhi faili lote kila unapoandika mstari, hivyo bonyeza kitufe cha kuhifadhi mara kwa mara, na tena kabla ya kufunga. Kila Jumamosi nakili faili katika diski ndogo ya kuchomeka, uiweke katika nyumba nyingine. Nakala iliyo katika kabati moja na kompyuta itaibwa pamoja nayo.

Daftari la zizini lisitupwe. Andika kwanza humo kwa kalamu, kisha jioni uhamishie kwenye kompyuta. Wiki za mwanzo utachoka. Andika ng'ombe wako wote lakini usianze na maandishi ya miaka iliyopita. Anza na leo.

Ikiwa ni chama chenu cha ushirika kinachotaka kufanya hivi, majedwali yatakuwa WANACHAMA, MAZIWA na MADENI, na ufunguo ni namba ya mwanachama. Kosa la kujumlisha mara tatu litakuwa hapo vile vile, ila safari hii litahusu malipo ya mwisho wa mwezi. Mwenye madeni matatu dukani atalipwa maziwa mara tatu, na asiye na deni hatalipwa. Tena, majina, namba za vitambulisho na namba za simu za wanachama ni habari za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazilinda. Katibu asiliache faili hilo wazi katika kompyuta ya dukani ambayo kila mpita njia huitumia, wala asiweke humo habari ambazo chama hakizihitaji.

Kwa mazoezi ya mwezi huu, ongeza jedwali la nne, KUPANDWA, lenye namba ya ng'ombe, tarehe aliyopandwa au kutiwa mbegu, na fahali aliyetumika. Ng'ombe hubeba mimba kwa siku 280 hivi. Jaribu kupata ulizo litakalokuonyesha nani aliyepandwa zaidi ya mara moja tangu mvua za masika, na kabla ya kuliendesha, kadiria kwa daftari lako jibu litakuwaje.